Msaada: mashine ya theluji inaziba kila baada ya hatua chache, nipake nini?

Baridi_Kiunoni (mleta mada):
Wakuu, habari za humu. Nina mashine ya kuondoa theluji, ile ya kutembea nyuma yake, ya petroli, ya hatua moja. Theluji ikiwa kavu inarusha mbali bila shida. Ikilowa tu, inakwenda kidogo bomba la kurushia linaziba, nasimama nazibua, naendelea, linaziba tena. Leo nusu ya njia imenishinda na usiku inatarajiwa kushuka nyingine. Plagi mpya, oili mpya. Ninachotaka ni dawa ya kupaka ndani ya bomba isinate, basi. Wenye uzoefu nisaidieni, matusi hapana.

Kijiweni_Daima:
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa pale.

Bolti Kumi:
Silikoni ya kupuliza. Mashine ikiwa imezimwa na imekauka, puliza ndani ya bomba na kwenye visu, iache ishike. Ila dawa haitakusaidia kama unaendesha kinyume. Theluji iliyolowa inataka resi ya mwisho na mwendo wa kinyonga. Wengi wakisikia injini inaguna wanashusha resi. Kasi ya kurusha inapotea, theluji inalala kwenye bomba. Ikielemewa, punguza mwendo au chukua nusu ya upana wa mdomo unaokula theluji. Resi usiiguse. Halafu usingoje joto la mchana liilegeze, pita mapema ikiwa bado nyepesi. Kagua na mkanda unaozungusha visu: ukilegea au ukiwa umeng'aa kwa kuteleza, injini itanguruma lakini visu havina nguvu.

Mzee wa Sepeto:
Kizazi cha kubonyeza. Sepeto haliombi petroli wala ushauri mtandaoni. Mimi nasafisha njia yangu nikiwa nimekunja mikono ya shati.

Sikio la Kufa:
Mzee, theluji iliyolowa ni mzigo, na moyo wa mtu aliyeshinda kwenye kiti mwaka mzima hauupendi. Turudi kwenye mada. Mleta mada, umeandika "nazibua". Unazibua na nini? Na wakati huo kishikio cha visu, kile unachobana ili visu vizunguke, kiko wapi?

Baridi_Kiunoni:
Mkono, lakini nina glovu nene. Na injini nazima kwanza, mimi si mtoto.

Sikio la Kufa:
Umejibu swali moja. Kishikio je?

Baridi_Kiunoni:
Haya. Nimekifunga kwa kamba ya mpira kwenye mpini. Kabla hamjanirukia: ukikibana muda wote kwenye baridi ile vidole vinakufa ganzi. Wanaofanya kazi hii kweli kweli wote wanafunga. Na injini ikizimwa imezimwa, hakuna kitu kinachozunguka.

Bolti Kumi:
Hapo ndipo vidole vinapoondokea, mkuu. Theluji ikikaza visu, mkanda unabaki umevutika hata injini ikiwa kimya. Ukichokoa ile theluji, mvuto unaachia na visu vinaruka sehemu ya mzunguko kwa ghafla. Sehemu tu ya mzunguko inakutosha. Kukifunga kishikio kunazidisha, kwa sababu visu havijaachana na injini kamwe: hata ukivuta kamba ya kuwashia vinageuka.
Utaratibu ni huu: achia vishikio, zima, toa ufunguo au waya wa plagi, subiri kila kitu kitulie, kisha chokoa kwa kijiti kirefu kigumu. Mashine nyingi zinakuja na kijiti cha plastiki kimebanwa pale juu ya mdomo. Mkono hauingii hata kwa sekunde moja.

Mama Ukoo:
Glovu nene haizuii kisu, inampa kisu pa kushikia. Shemeji yangu aliingia na skafu inaning'inia, mashine ikaimeza, bahati injini ilizimika yenyewe. Tangu hapo mwanangu haruhusiwi hata kuigusa. Jirani naye, mashine yake ilimeza mkeka wa mlangoni uliokuwa umefukiwa na theluji, yeye alicheka, mimi sikucheka. Piteni kwanza njia nzima mkikagua, mawe, waya, magazeti, vitu vya watoto.

Baridi_Kiunoni:
Nimewasikia, lakini kazi itaishaje? Na kuna jingine: vile vibolti vya kwenye visu vinakatika kila siku. Nimeshanunua vya chuma kigumu, leo navifunga. Angalau hilo litaisha.

Kibao cha Mbuzi:
Hii ni chai. Mashine ya hatua moja ina visu vya mpira vinavyokusanya na kurusha vyenyewe, na vibolti vya kukatika ni mambo ya mashine kubwa. Mleta mada ama hana mashine, ama anatunga. Tupia picha.

Kijiweni_Daima:
Nilijua tu. Hadithi tamu ina kamba, ina bolti, itamalizika na helikopta.

Mama Ukoo:
Kama ni uongo basi mimi nimeeleza habari za shemeji bure.

Baridi_Kiunoni:
Situngi! Aliyeniuzia alisema hatua moja. Picha hiyo.

Bolti Kumi:
Visu vya chuma, na nyuma yake kuna feni inayorusha. Hiyo ni ya hatua mbili, aliyekuuzia hakuijua. Maana yake mambo mawili. Vibolti vimewekwa dhaifu kwa makusudi: visu vikigonga jiwe, kibolti kinakatika na giaboksi inapona. Ukiweka kigumu, kitakachokatika ni cha ndani. Weka vile vile vya aina yako, na vikikatika kila siku, unagonga kitu. Shusha viatu vya pembeni, vile vyuma vinavyoteleza chini, ili mdomo unyanyuke usikwangue changarawe.
La pili ndilo zuri. Mashine nyingi za namna hii zimefungamanisha vishikio: ukibana vyote viwili kisha ukaachia cha visu, kinabaki chini chenyewe kwa muda wote unaoshikilia cha mwendo. Mkono mmoja unapata nafasi ya kugeuza bomba au kujipasha moto. Jaribu kabla ya kutetea kamba.

Baridi_Kiunoni:
Nimejaribu. Kinabaki chini. Kumbe.

Sikio la Kufa:
Na kamba je? Kwenye picha bado imefungwa.

Baridi_Kiunoni:
Picha ni ya mchana.

Kibao cha Mbuzi:
Kwenye picha taa za nje zinawaka, mkuu.

Samahani_Naingilia:
Naomba kuuliza na mimi, yangu ni ya umeme wa waya. Waya nauweka upande gani nisiupite na visu?

Bolti Kumi:
Anzia karibu na soketi ukienda mbali, waya uwe upande uliokwisha kuusafisha. Fungua uzi wako, huu una wenyewe.