Utafiti wa ketamini: plasebo ipi, na ridhaa ya kuguswa iandikweje?

mratibu_upperhill
Habari wadau. Tunaandaa itifaki (mpango wa utafiti) ya ketamini, dawa ya nusukaputi, kwa watu wenye sonona isiyosikia dawa, hapa Nairobi: miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, dripu ya dakika 40. Tumekwama pawili. Tukitumia maji ya chumvi kama plasebo (dawa bandia ya kulinganishia), mgonjwa atajua kundi lake kabla dripu haijaisha. Pili, fomu ya ridhaa isemeje kuhusu kumshika mtu ambaye dawa imeshampanda?

takwimu_tu
Maji ya chumvi yaacheni. Tumieni dawa ya kutuliza, midazolamu: miligramu 0.045 kwa kilo husinziisha kiasi cha kumchanganya mgonjwa, ingawa haimtengi mtu na mwili wake kama ketamini, kwa hiyo wengi bado watakisia sawasawa. Basi waulizeni: unadhani umepewa nini, na una uhakika kiasi gani? Swali hilo liulizwe siku ileile. Mkingoja wiki, aliyepata nafuu atasema ni ketamini kwa sababu tu amepata nafuu. Matarajio yapimwe kabla ya dozi, na anayejaza alama za MADRS (kipimo cha ukali wa sonona) asiwe amekaa kwenye kikao.

Stanford walichapisha jaribio mwaka 2023: wagonjwa 40 wa upasuaji wenye sonona, ketamini au plasebo wakiwa kwenye nusukaputi ili wasijue wamepewa nini. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, tofauti haikuonekana. Hilo halithibitishi kwamba ketamini ni bure, maana nusukaputi yenyewe huenda ilichangia.

maadili_kwanza
Kuhusu kugusa: ridhaa hutolewa akili ikiwa timamu. Fomu itaje kiungo kwa kiungo (mkono, bega, basi), na mfanyie mazoezi kabla ya dozi, pamoja na neno “acha” na ishara ya kuinua kiganja. Dawa ikishapanda, mgonjwa anaweza kupunguza alichokubali. Kuongeza hawezi.

mratibu_upperhill
Na akiomba kukumbatiwa wakati ule?

maadili_kwanza
Kama hakuliandika, mkatalie kwa upole, sogea karibu, zungumza naye. Wahudumu wawe wawili, lakini wawili peke yao si kinga. Katika jaribio la MDMA (dawa nyingine inayobadilisha hisia) huko Kanada mwaka 2015, waliovuka mipaka na mshiriki walikuwa wawili, mume na mke, na kamera ilikuwa inarekodi. Umma uliziona video hizo mwaka 2022. Kwa hiyo wahudumu wasiwe ndugu, wenzi wala bosi na aliye chini yake kazini, na mtu wa nje ya timu atazame baadhi ya rekodi kila mwezi. Mshiriki apewe namba ya simu ya kamati ya maadili, si ya mtafiti peke yake.

tafsiri_afya
Nyongeza ya lugha. Msiandike “utaona maono”: kwa muumini hiyo ni ahadi. “Kupagawa” nako kunatisha. Andikeni: “Unaweza kuhisi uko mbali na mwili wako, sauti zikabadilika, usijue muda umekwenda kiasi gani.” Kisha mshiriki aeleze kwa maneno yake. Akisema “nitakutana na Mungu”, rudini mwanzo wa fomu kabla hajatia sahihi.