Nyufa kwenye rangi ya soli ya kati ya raba: nibandue yote au nipake juu?

raba_kibuye (Kisumu)
Wadau, habari zenu. Nina Air Jordan 4 za mtumba, ngozi ya juu bado nzima kabisa. Shida iko kwenye soli ya kati, ile sponji iliyopakwa rangi nyeupe. Pale kiatu kinapokunjika, chini ya vidole, rangi imejaa nyufa, na upande wa nje imeanza kubanduka vipande vipande. Fundi mmoja mjini anasema nipake rangi ya mafuta juu yake, itaficha. Nibandue rangi yote au nizibe palipoharibika tu? Na rangi gani inafaa?

msasa_600 (Kakamega)
Rangi ya mafuta achana nayo. Imetengenezewa mbao na vyuma, vitu visivyokunjika. Ikikauka inakuwa ngumu, na siku ya kwanza ukitembea itapasuka vibaya kuliko ulivyoikuta. Ya gari ni hivyo hivyo. Rangi ya maji ya ukutani nayo hutoa unga.

Lakini kabla hujanunua chochote, bonyeza hiyo sponji kwa kidole gumba, kwa nguvu, sehemu kadhaa, hasa kisigino. Soli ya kati ya Jordan 4 ni poliyurethani (aina ya plastiki ya povu), na adui yake ni unyevu wa hewa, unaoivunja kutoka ndani pole pole. Sponji nzima hurudi mahali pake. Ikiacha shimo, ikinata, au ukisikia kitu kinasagika ukikunja kiatu, usipoteze pesa kwa rangi: siku utakayovaa itamomonyoka kama ugali mkavu. Hapo dawa ni kubadilisha soli nzima. Usidanganywe na mtumba unaoonekana haujavaliwa. Raba iliyofungiwa kwenye boksi miaka mingi ndiyo huoza haraka, na huko kando ya ziwa unyevu haukosi.

Ikipita mtihani huo, bandua rangi yote. Ukiziba nyufa tu, rangi mpya itashikilia kingo za ile ya zamani ambayo tayari imeachana na sponji, na zote zitabanduka pamoja.

Vifaa: asetoni halisi, pamba, glavu za mpira, masking tepu, msasa namba 400 na 600. Ile dawa ya kutoa rangi ya kucha soma chupa kwanza. Nyingine hazina asetoni, nyingine zimetiwa mafuta ya kulainisha ngozi, na mafuta hayo yakibaki kwenye sponji rangi haitashika. Funika kwa tepu ngozi ya juu, plastiki za pembeni na kile kidirisha cha hewa kisigino. Asetoni ikigusa hizo plastiki huzifanya ziwe na ukungu au ziyeyuke, na hakuna kurudisha.

Lowesha pamba kidogo, sugua sehemu ya urefu wa kidole, tupa pamba ikichafuka, chukua nyingine. Usiloweke kiatu wala usimimine. Asetoni ikiingia kwenye maungio hulegeza gundi, utajikuta na kazi mbili. Fanyia nje, mbali na jiko, mvuke wake hushika moto upesi sana.

nax_rangi (Nakuru)
Naunga mkono, ila msasa usiutumie kwa hasira. Namba 400 ni ya kusawazisha kingo za rangi iliyogoma tu, halafu 600 nyepesi ili sponji ipate mikwaruzo midogo ya kushikia rangi. Ukipitiliza unakula ile ngozi laini ya juu ya sponji na kufungua vitundu, na vitundu hufyonza rangi bila mpangilio.

Sasa kupaka, ambako wengi huharibu. Tumia rangi ya akriliki ya ngozi, ile ya kunyumbulika. Angelus ya Marekani ndiyo inayojulikana zaidi, na chupa ndogo ya aunsi 1 inatosha jozi. Ikiwa nzito, ongeza maji kidogo, yasizidi sehemu 1 kwa rangi sehemu 4, la sivyo unaidhoofisha.

Koti la kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, liwe jembamba mpaka uone aibu. Sponji itaonekana kupitia rangi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Acha dakika 20, paka la pili, endelea hadi matano. Koti nene hukauka juu huku chini bado bichi, na hilo ndilo linalozaa nyufa kabla hata hujavaa. Usianike kwenye jua kali kwa sababu hiyo hiyo. Paka mchana, kivulini. Nakuru usiku baridi hushuka karibu na nyuzi 10, na akriliki kwenye baridi hiyo haiungani vizuri. Kisumu tatizo ni jioni yenye unyevu, rangi hubaki inanata.

Tepu iondoe koti la mwisho likiwa bado na ubichi kidogo, ukivuta kwa mshazari. Ukingoja likauke kabisa, litachanika na kufuata tepu. Baada ya hapo saa 24 bila kukunja kiatu, na wiki moja bila kufua.

soli_safi
Nyongeza fupi. Kabla ya rangi, kiatu kisiwe kimewahi kupakwa ile dawa ya kung'arisha tairi. Ina silikoni, na juu ya silikoni hakuna rangi inayokaa. Pia hakikisha soli imepakwa rangi kweli. Raba nyingi za kukimbilia zina sponji ya EVA (aina nyingine ya plastiki ya povu) iliyotiwa rangi ndani kwa ndani, haina cha kubandua. Hiyo ioshe tu, na jiki usitumie, huifanya iwe njano.

raba_kibuye (Kisumu)
Asanteni sana wakuu. Nimebonyeza, sponji inarudi vizuri, haitoi unga. Swali moja limebaki: kwenye ile mifereji midogo ya pembeni rangi ya zamani haitoki kwa pamba. Nitumie kisu?

msasa_600 (Kakamega)
Kisu hapana, kitachana sponji na huo ndio mwanzo wa ufa mpya. Zungushia pamba kwenye kijiti cha kuchokolea meno, chovya asetoni, kamua, pitisha kwenye mfereji mara mbili tatu. Palipobaki tumia mswaki mkuukuu wenye nywele laini. Ukimaliza futa kote kwa pamba safi yenye asetoni kidogo, subiri nusu saa ikauke, na usiguse tena kwa vidole vitupu mpaka upake koti la kwanza. Mafuta ya mkono nayo yanahesabika.