Kikundi: Nyumba ya Mama, Isevya, Tabora

Kaka Ramadhani: Wanandugu, ramani ya nyumba ya mama nimeituma hapo juu. Vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani, bati la msauzi. Semeni sasa kabla fundi hajachimba msingi.

Zuwena: Kaka, ua uko wapi?

Kaka Ramadhani: Si huo hapo nyuma

Zuwena: Nyuma kule kuna njia ya watu. Kila anayepita ajue mama leo kabandika nini? Na jua la Oktoba unalijua

Baba Mdogo: Ramadhani, nenda Kwihara kaangalie tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Vyumba vimeuzunguka ua. Kivuli kikihama upande huu, nawe unahamia upande ule.

Kaka Ramadhani: Shikamoo baba mdogo. Tembe za zamani paa lilikuwa bapa, miti na udongo juu. Sisi tunaezeka bati. Ukizungusha nyumba pande zote, bati zinakutana kila kona, na hapo kwenye makutano ndipo panapovuja. Bado maji ya nusu ya paa yanamwagika uani. Mvua za Januari tutafuga kambale

Wifi Neema: 😂😂 Na usiku ukibanwa na haja unakwenda chooni na mwavuli

Zuwena: Paa si litoke mbele, liwe na baraza ya ndani? Unazunguka hadi chooni mkavu. Wifi naye anapenda vichekesho

Mama: Hilo jiko la ndani mtapikia nyie mkija sikukuu. Mimi maharage yangu ni ya mkaa. Michembe yangu ya viazi nitaanika wapi mbuzi wa watu wasiifikie?

Zuwena: Haya, mwenye nyumba kasema

Baba Mdogo: Jengeni pande tatu, wa nne uwe ukuta na geti. Kona zinabaki mbili tu. Sakafu ya ua ilale kuelekea ukutani, mfereji upite chini ya ukuta maji yatoke. Upande wa jiko wekeni gata, maji yaingie kwenye tenki.

Kaka Ramadhani: Hiyo naiweza. Ila chumba kimoja kitapungua ukubwa.

Wifi Neema: Kipungue cha wageni, wasizoee

Mama: Na mwembe wangu msiuguse.

Kaka Ramadhani: Mama, mwembe uko palepale msingi unapopita

Mama: Basi sogezeni msingi.