Tupeane uzoefu: Ulikosea wapi kuandika miamala kwenye programu ya fedha, na ulijirekebishaje?

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu. Huu ni mwezi wa tatu naandika mapato na matumizi yangu kwenye programu ya simu. Nilianza kwa sababu nilichoka kufika katikati ya mwezi sijui pesa imeishia wapi. Naandika kila usiku kabla ya kulala, sijaruka hata siku moja. Jana nimelinganisha na taarifa ya benki: programu inasema nina 63 zaidi ya zilizopo kweli. Nimepitia orodha mara mbili, sioni kosa. Kiasi chenyewe ni kidogo, ila daftari likinidanganya kwa kidogo nitaliaminije kwa kikubwa? Mlionitangulia, nisaidieni.

Mchangiaji wa 1

Hongera kwa kulinganisha mapema, wengi hatukufanya hivyo. Kosa langu mimi lilikaa karibu mwaka mzima. Nina akaunti mbili, ya mshahara na ya akiba. Kila nilipohamisha pesa kwenda akiba niliandika "matumizi" huku na "mapato" kule. Salio la kila akaunti lilikuwa sahihi, ndiyo maana sikushtuka. Lakini ripoti ya mwezi ilionyesha mtu anayeingiza nyingi na kutapanya nyingi. Nikaanza kujinyima vitu vya lazima ili nipunguze hayo matumizi, kumbe sehemu kubwa ilikuwa akiba yangu mwenyewe! Iliniuma sana nilipogundua. Programu nyingi zina aina ya tatu ya muamala, uhamisho, na kazi yake ni hiyo tu: pesa imetoka mfuko wa kushoto ikaingia wa kulia, bado ni yako.

Kadi ya mkopo nayo ilinisumbua vilevile. Niliandika manunuzi siku ya kununua, kisha nikilipa bili ya kadi naandika tena matumizi. Kitu kimoja kinahesabiwa mara mbili. Sasa kadi nimeifungulia akaunti yake yenye salio hasi. Nikinunua, deni linakua. Nikilipa, ni uhamisho kutoka benki kwenda kadi.

Mchangiaji wa 2

Pesa taslimu ndiyo ilinishinda. Nilikuwa nikitoa pesa kwenye mashine naandika yote kama matumizi, halafu naandika tena kila nilichonunua. Fungua akaunti ya "mkononi", kutoa pesa kuwe uhamisho kwenda huko.

Mchangiaji wa 3

Mleta mada, mimi ni mhasibu, hii 63 yako imenivutia. Gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda umegeuza tarakimu mbili mahali fulani: 54 ukaandika 45, tofauti ni 9, 81 ukaandika 18, tofauti ni 63. Jibu la kugawanya hukuonyesha hizo tarakimu zinapishana kwa ngapi: 63 kwa 9 ni 7, na 8 toa 1 ni 7. Hata ukisahau sifuri, 500 ukaandika 50, tofauti ni 450, nayo inagawanyika kwa 9. Isipogawanyika, chukua nusu ya tofauti uitafute kwenye orodha, kwa sababu muamala ulioandikwa upande usio wake, mathalani matumizi yakaingia kama mapato, huleta tofauti mara mbili ya kiasi chake. Baada ya hapo ndipo utafute muamala uliosahaulika kabisa.

Hizi ni mbinu za watu wa madaftari ya karatasi. Luca Pacioli, mwanahisabati wa Italia, alichapisha maelezo ya hesabu za pande mbili huko Venice mwaka 1494, na ule uhamisho anaousema mchangiaji wa 1 ni wazo lilelile: kila pesa ina ilikotoka na ilikokwenda. Nikiona mtu asiye mhasibu anafika hapo kwa kuungua mwenyewe, nafurahi kwelikweli.

Mchangiaji wa 4

Mimi nilikuwa napakia faili la miamala kutoka benki. Mwezi mmoja nikapakia faili lililoanzia tarehe za nyuma, siku sita zikajirudia. Nilifuta mmoja mmoja usiku kucha. Halafu kuna tarehe: unalipa kwa kadi leo, benki inauandika baada ya siku mbili tatu. Mwisho wa mwezi usishtuke, angalia kwanza yaliyo njiani.

Mchangiaji wa 5

Naomba niseme la kukopesha, maana halisemwi. Ndugu yangu nilimkopesha, nikaandika "matumizi, familia". Aliporudisha nikaandika "mapato". Mwaka huo mapato yangu yalionekana kupanda, wala hayakupanda. Sasa kila ninayemkopesha nina akaunti yake, salio lake ndilo deni lake. Imenisaidia hata kwenye uhusiano, sihitaji kukumbuka kwa hasira, naangalia tu. Pesa ya bidhaa uliyorudisha dukani nayo irudi kwenye kundi lilelile la matumizi, ipunguze, isiwe mapato.

Mchangiaji wa 6

Natofautiana na wanaopakia faili. Kuandika kwa mkono palepale, kabla sijaondoka kaunta, ndiko kulikobadilisha tabia yangu. Ninapoandika ndipo ninapohisi. Makundi nilianza nayo arobaini, kila muamala nasita uende wapi, nikachoka. Yamebaki tisa.

Mchangiaji wa 4

Nakuelewa mkuu, ila mwenye miamala mingi kwa siku hawezi. Mimi napakia, halafu Jumapili napitia kila mstari. Na wote, kila mwezi toeni nakala kwa CSV, yaani faili la jedwali ambalo programu nyingi hulifungua, muihifadhi nje ya programu. Microsoft Money iliacha kuuzwa mwaka 2009, Mint ikafungwa mwaka 2024. Miaka ya kumbukumbu zako isitegemee programu moja.

Mleta mada

Wakuu, nimeipata! Nimegawanya 63 kwa 9 nikapata 7 kamili, nikatafuta tarakimu mbili jirani zinazopishana kwa 7. Tarehe 11 niliandika 129, risiti inasema 192. Nilikuwa nimeupita mstari huo mara zote mbili kwa sababu nilikuwa nasoma jina la muamala, sisomi namba. Asante sana mchangiaji wa 3. Benki sasa imekaa sawa. Leo usiku nafungua akaunti ya "mkononi", na kuna rafiki yangu mmoja niliyemwandika kwenye "mengineyo" tangu mwezi wa kwanza, naye namhamishia kwenye akaunti yake.