Naomba ushauri: mlio wa tahadhari kwenye bodaboda ya umeme

Wakuu, habari zenu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 138 inataka gari la umeme litoe mlio tangu linapoanza kusogea hadi kilomita 20 kwa saa: angalau desibeli 50 kwenye mwendo wa 10, na 56 likifika 20. Zaidi ya hapo tairi zenyewe zinasikika. Lakini kanuni hiyo ni ya magari ya abiria na mizigo. Pikipiki haimo, na ndiyo inayopenya katikati ya watu sokoni na stendi! Asiyeona anavuka kwa kutegemea masikio tu.

Nataka kufunga spika ndogo isiyoingia maji, mbele, chini ya taa. Umeme utoke kwenye kigeuzi cha volti 12, maana ukiiunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 72 inaungua papo hapo. Ninapokwama ni ishara ya mwendo, yaani waya wa kuiambia spika kasi ya pikipiki. Mlio usiobadilika haumwambii mtu kama chombo kinaongeza kasi au kinasimama, kwa hiyo sauti lazima ipande na kushuka pamoja na mwendo. Nichukue ishara kwenye waya za sensa za mota, au waya wa spidomita ni salama zaidi kwa kontrola (kifaa kinachoendesha mota)?