Tupeane uzoefu: fomati ya diski pepe iliyowahi kukutoa jasho

Ndugu zangu, mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mwembe Tayari. Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi aliniomba nimhamishie programu yake ya hesabu, iliyokuwa ndani ya mashine pepe ya VMware (kompyuta ya kuigizwa inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, na diski yake pepe ni faili moja au zaidi), hadi tawi lake la Likoni. Niliona faili yenye jina la duka na kiishio cha .vmdk, nikaitia kwenye flashi, nikavuka feri. Mashine ilipokataa kuwaka, niliifungua faili ile kwa Notepad nikakuta mistari michache tu ya maandishi inayotaja vipande vya s001, s002 na kuendelea, ambavyo ndivyo vilivyobeba data yote, navyo nilikuwa nimeviacha ng'ambo. Nikarudi kwenye foleni ya feri. Wenzangu yamewakuta yapi?

Kutoka Kisauni:
Pole, fundi. Yangu ilikuwa VDI, fomati ya diski pepe ya VirtualBox (programu nyingine ya mashine pepe), ile inayokua kadiri unavyoijaza. Nilifuta video nyingi ndani ya mashine nikitarajia kupata nafasi, lakini faili haikupungua hata kidogo, kwa kuwa VirtualBox haijui ni sehemu zipi zimeachwa wazi. Ilinibidi nijaze sifuri katika nafasi hizo kwa amri ya sdelete -z, kisha nizime mashine na kuibana faili kwa amri ya VBoxManage modifymedium --compact.

Kutoka Changamwe:
Ofisini kwetu tunatoa mizigo bandarini, na umeme hukatika bila taarifa. Tuliacha VHD, fomati ya diski pepe ya Microsoft, tukahamia mrithi wake VHDX, iliyokuja na Windows Server 2012, kwa sababu huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya muundo wake na hivyo haiharibiki upesi umeme unapopotea. Ukomo wake nao ni terabaiti 64, ilhali VHD huishia takriban 2. Hata hivyo, hesabu uliyokuwa hujaihifadhi itapotea vilevile, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) msiiuze.

Kutoka Tononoka:
Mimi nilikuwa na QCOW2, fomati ya diski pepe ya programu ya QEMU, yenye nakala tatu za hali ya mashine, nilizozihifadhi ndani yake kabla ya kila jaribio. Nikaigeuza kuwa raw (fomati ghafi, yaani data ya diski peke yake) kwa amri ya qemu-img convert, nikaifuta ya awali siku hiyohiyo. Amri ile huchukua hali ya sasa peke yake, na raw yenyewe haina mahali pa kuweka nakala za namna hiyo. Zote tatu zikaenda. Siku hizi faili ya zamani huiacha mwezi mzima. Fundi, zile s001 uliziunganisha vipi hatimaye?

Mwanzilishi:
Sikuziunganisha. Nilinakili folda nzima.