Ulinganisho: rekodi za DNS zikae wapi ikiwa tovuti na barua pepe ziko kwa watoa huduma tofauti?

Mhasibu wa Moshi

Wakuu, salaam. Ofisi yetu ndogo ya utalii ina domeni ya .co.tz iliyosajiliwa kwa wakala mmoja, tovuti yake iko kwa kampuni nyingine ya hapa nchini inayotumia cPanel (paneli ya kusimamia tovuti na barua kwenye seva), na mwezi uliopita tulihamishia barua pepe Google Workspace. Kwa sasa seva za majina, yaani zile zinazotunza rekodi za DNS (maelekezo ya wapi tovuti na barua za domeni zipatikane), ni za kampuni ya tovuti. Naomba mnilinganishie njia tatu: kuziacha rekodi hapo zilipo, kuzirudisha kwa msajili wa domeni, au kuzipeleka kwa mtu wa tatu kama Cloudflare, kampuni inayotoa huduma ya DNS. Hatuna mtu wa TEHAMA wa kudumu. Mimi ni mhasibu na ndiye ninayebonyeza vitufe.

Fundi Seva

Mkuu, rekodi ya A huelekeza tovuti kwenye namba ya IP ya seva yenu, na rekodi ya MX huelekeza barua kwenye smtp.google.com. Hazitegemeani, ndiyo maana domeni moja inaweza kuwa na makazi mawili. Hata hivyo daftari linalosomwa na dunia ni moja tu, yaani lile la seva za majina zilizoandikwa kwenye sajili ya .tz. Nimekutana na watu walioandika MX mpya kwenye paneli ya msajili ilhali seva za majina zinaelekea cPanel, kisha wakakaa siku tatu wakingoja mabadiliko yaenee. Hayakuenea, kwa kuwa hapakuwa na aliyelisoma daftari hilo.

Kuziacha zilipo kuna nafuu moja ya kweli: kampuni ikihamisha tovuti yenu kwenye seva nyingine, kwa kawaida yenyewe ndiyo itakayobadilisha namba ya IP. Hasara yake ni kwamba mkichelewa kulipia tovuti na akaunti ikafutwa, daftari hufutwa nayo, na barua pepe mliyoilipia Google inakosa njia bila kosa lake.

Binti Forodhani

Naunga mkono hoja hiyo kwa yaliyonipata. Tulipohama kampuni ya tovuti, barua ya kutukaribisha ilitutaka tubadilishe seva za majina, nasi tukatii. cPanel mpya ilikuwa imejiandikia MX inayoelekea kwake yenyewe, hivyo kwa siku mbili wateja walirudishiwa barua zao kwa maelezo kwamba anwani zetu hazipo. Ilitosha kubadilisha rekodi ya A peke yake.

Kuna jambo la pili ambalo halimo kwenye DNS kabisa. Hata MX ikiwa sahihi, cPanel inaweza kuendelea kujiona ndiyo mwenye barua za domeni, na fomu ya mawasiliano ya tovuti ikituma ujumbe kwa anwani yenu, seva huutupa kwenye sanduku lake la ndani badala ya kuupeleka Google. Fungua ukurasa wa Email Routing, uchague Remote Mail Exchanger. Mhasibu, hilo lifanye leo, njia yoyote utakayochagua baadaye.

Mzee wa Kebo

Mimi ningekwenda Cloudflare. Huduma yao ya DNS haina malipo, na daftari linabaki mahali pamoja hata mkibadilisha kampuni za tovuti mara tano. Ila muwe macho kwa mambo matatu. Unapoongeza domeni, mfumo wao huzitafuta rekodi zilizopo lakini hauwezi kubahatisha majina yote, na ya DKIM (ufunguo wa saini inayothibitisha barua zenu) ndiyo husahaulika zaidi. Nakili daftari la zamani mstari kwa mstari kabla ya kubadilisha seva za majina. Pili, kando ya rekodi kuna alama ya wingu: la rangi ya chungwa hupitisha trafiki kwenye seva za Cloudflare, tena ya tovuti tu, kwa hiyo jina mnalotumia kwa FTP (njia ya kupakia mafaili) liwe na wingu la kijivu, yaani liende moja kwa moja kwenye seva yenu. Tatu, kama domeni ina DNSSEC (saini zinazolinda rekodi za DNS zisighushiwe), ondoeni kwanza rekodi ya DS, inayothibitisha saini hizo, kwa msajili, la sivyo domeni nzima itazimika kwa wengi.

Fundi Seva

Sina ubishi na Mzee, ila tusimdharau msajili. Yeye lazima alipwe kwa vyovyote, maana domeni ikiisha muda hakuna DNS itakayosaidia. Swali ni ubora wa paneli yake. Ufunguo wa DKIM wa biti 2048 hauenei kwenye kipande kimoja cha herufi 255 cha rekodi ya TXT (rekodi ya maandishi), na baadhi ya paneli huukata kimyakimya badala ya kuugawa.

Kuhusu SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeni, iwe rekodi moja tu kwa domeni. Kama fomu ya tovuti inatuma barua moja kwa moja kutoka kwenye seva, usiongeze SPF ya pili, bali ingiza IP yake ndani ya ile ya Google: v=spf1 include:_spf.google.com ip4:(IP ya seva yenu) ~all. Zikiwa mbili, mpokeaji huhesabu ni kosa na zote hazifai. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila anayetuma awe na SPF au DKIM, na wanaozidi barua 5,000 kwa siku wawe na zote mbili pamoja na DMARC (rekodi inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua zisizothibitika).

Mhasibu wa Moshi

Nashukuru sana. Email Routing nimeshairekebisha, na ujumbe wa majaribio kutoka kwenye fomu umefika Google. Nimejaribu pia kuweka DKIM kwa msajili, nikakuta ufunguo umekatwa katikati, kwa hiyo huko hatuendi. Nimeamua Cloudflare, mawingu yote yawe ya kijivu kwa kuanzia. Je, akaunti niifungue kwa barua pepe ya ofisi?

Mzee wa Kebo

Hapana. Tumia anwani iliyo nje ya domeni hiyo, inayofunguliwa na watu wawili ofisini. DNS ikiharibika, barua ya kubadilisha nywila haitakufikia kwenye anwani inayoitegemea DNS hiyohiyo. Na usifute daftari la cPanel mapema. Liache na rekodi zilezile kwa siku kadhaa, kwa sababu wapo watakaoendelea kuulizia huko mpaka kumbukumbu zao ziishe muda.